Hifadhidata iliyosambaa: yenye skima au isiyo na skima?

Chelewa_Ufike: Wakuu, habari zenu. Tunahama kutoka seva moja kwenda hifadhidata ya nodi kadhaa, yaani seva zinazogawana data. Mezani zimebaki MongoDB na CockroachDB. Wenzangu wanataka isiyo na skima (mpangilio wa data unaotangazwa mapema), yaani MongoDB, ili tuende haraka, mimi nasita. Uamuzi ni wiki hii. Ipi bora?

Mzee wa Jedwali: Bora kwa kazi gani, mkuu? Hujasema data ni ya nini, kama mnaandika zaidi au mnasoma zaidi, wala ripoti anazitaka nani. Umeulizia kiatu bila kutaja mguu.

Waraka_Huru: MongoDB, funga mjadala. Kila waraka, yaani rekodi moja, unabeba umbo lake, unaongeza sehemu mpya bila kumwomba mtu ruhusa. Na ile hadithi kwamba haina miamala ya nyaraka nyingi (zote ziandikwe au isiandikwe hata moja) iacheni, imo tangu toleo la 4.0, mwaka 2018.

Kipanga77: Skima haiondoki, inahamia kwenye msimbo wa programu. Mahali nilipofanya kazi, programu ya zamani iliandika simu ya mteja kama namba, mpya ikaiandika kama maandishi. Zote mbili zilikuwa hewani pamoja, maana watumiaji hawasasishi siku moja. Sasa ukitafuta kwa maandishi, waraka wenye namba hauji, na hakuna kosa lolote linalotokea: kwa MongoDB hizo ni thamani mbili tofauti. Faharasa ya kuzuia marudio nayo ikazipitisha zote, mteja mmoja akawa wawili. Zilizoandikwa kama namba zilishapoteza sifuri ya mwanzo. Timu ikaandika programu ya kusafisha waraka mmoja mmoja, ikakuta aina ya tatu: orodha nzima ya simu ndani ya sehemu ileile! Aliyeiweka hakujulikana.

Waraka_Huru: Hilo ni la timu yenu, si la MongoDB. Tangu 3.6 unaweza kuweka kanuni za umbo la waraka kwa JSON Schema, waraka usiofaa ukakataliwa.

Kipanga77: Kwa hiyo dawa ya kukosa skima ni kuweka skima. Asante.

Waraka_Huru: Unaiweka unapoitaka tu. Nyie wa majedwali mnakesha mkiongeza safu moja.

Mzee wa Jedwali: Hayo ya zamani. PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, tangu toleo la 11 inaongeza safu yenye thamani ya msingi isiyobadilika bila kuandika upya jedwali. CockroachDB inabadili skima kwa hatua huku nodi zikiendelea na kazi, mbinu iliyoelezwa kwenye makala ya Google kuhusu hifadhidata yao ya F1, 2013. Nodi zote haziwezi kupata skima mpya kwa mpigo, kwa hiyo zinaruhusiwa kupishana toleo moja tu.

nodi_ya_tatu: Mbona Cassandra, hifadhidata nyingine ya nodi nyingi, haitajwi? Wengi wanadhani haina skima, kumbe CQL, lugha yake, inakudai utangaze majedwali. Tuma mabadiliko mawili kwa wakati mmoja kupitia nodi tofauti, uone zinavyokosa kukubaliana.

Mzee wa Jedwali: Haimo kwenye swali.

nodi_ya_tatu: Nakuja kwenye ufunguo. Skima iwepo isiwepo, data inagawanywa kwa ufunguo, thamani inayoamua rekodi ikae nodi ipi. Hata DynamoDB, hifadhidata ya Amazon inayokuachia sifa nyingine zote, ufunguo lazima uutangaze mapema.

Chelewa_Ufike: Samahani, sikueleza vizuri. Kuna malipo, na kuna orodha ya bidhaa ambazo kila moja ina sifa zake. Ripoti ni za mhasibu.

Mzee wa Jedwali: Malipo! Ungeanza na hilo. Malipo kwenye majedwali yenye masharti, sifa za bidhaa kwenye safu ya JSONB, inayopokea data ya umbo lolote. CockroachDB inayo.

Waraka_Huru: JSONB ni nyie kukiri tulikuwa sahihi.

Kipanga77: Ngoja mtu aingize bei humo ndani kama maandishi.

nodi_ya_tatu: Chelewa, ufunguo wa malipo ni upi? Usiniambie ni namba inayopanda moja moja.

Chelewa_Ufike: Ndiyo hiyo. Ina shida?

nodi_ya_tatu: Kwa CockroachDB, ndiyo. Funguo zinapangwa kwa mfuatano, kwa hiyo malipo mapya yote yataangukia kipande kimoja na nodi nyingine zikae bure. Tumia UUID, kitambulisho cha nasibu.

Waraka_Huru: MongoDB ina ufunguo wa heshi, unaotawanya hata namba zinazofuatana.

Mzee wa Jedwali: Tumeanza tena.