Tupeane uzoefu: kuwapeleka watoto Ngome ya Yesu, Mombasa

Mleta mada
Wadau, habari za siku. Likizo ya Agosti inakaribia, na mimi na mwenzangu tumekubaliana kuwapeleka watoto Ngome ya Yesu. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili 7, na kitinda mimba hajatimiza mitatu. Mara ya mwisho niliingia humo nikiwa darasa la sita, na ninachokumbuka ni mizinga na kiu. Waliokwisha kwenda na watoto naomba watusimulie walivyopanga siku yao, na zaidi yale yaliyowaharibikia.

Mama wa mapacha
Dada, la kwanza ni saa. Safari yetu ya kwanza tulifika saa tano na nusu, wakati kuta zile za mawe ya matumbawe zilikuwa zimekwisha kushika moto, na haikupita nusu saa kabla pacha mmoja hajaketi kwenye ngazi akatangaza kwamba hatembei tena. Mwenzake, kabla sijawahi kumkataza, alikuwa amekwisha kukalia mzinga kwa kaptura yake fupi; aliruka kama aliyekalia kaa, na kilio chake nadhani kilisikika Likoni. Mwaka uliofuata tuliingia asubuhi na mapema, tukatoka kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyelia.

Kigari cha mtoto kiache nyumbani. Njia ya kuingilia inapanda, na ndani kuna ngazi na mawe yasiyo sawa, hata mimi nilikibeba kigari zaidi ya kilivyombeba mtoto. Huyo mdogo mfunge mgongoni kwa leso, na mkipanda juu kwenye buruji usimwachie mkono yeyote kati ya hao wengine.

Baba wa wavulana wawili
Kosa langu lilikuwa tamaa. Nilitaka waone kila kitu kwa kuwa nimelipa, nikawasimamisha mbele ya kila maelezo na kuwasomea, mpaka mkubwa akaniuliza kama kutakuwa na mtihani. Juu ya hayo niliwaambia kwa kujiamini kabisa kwamba aliyeijenga ngome ni Vasco da Gama.

Mara ya pili nilichagua mambo matatu tu. Kwanza niliwaonyesha mchoro wa ngome kutoka juu, unaofanana na mtu aliyelala chali, nikawaambia watafute mikono na miguu yake kwa kutembea. Walizunguka buruji zote nne bila kusukumwa. Pili, michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno, yenye merikebu na watu, ambayo mdogo wangu aliitazama kwa muda mrefu kisha akasema, kwa kuridhika sana, kwamba kumbe hata watu wazima walichora ukutani. Tatu ni masalio ya Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Hapo ndipo maswali yalipoanza kumiminika, na mengine sikuwa na majibu yake.

Mwalimu mstaafu
Ndugu yangu, usijilaumu, kwani kosa hilo nimelisahihisha kwenye madaftari kwa miaka mingi. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, ilhali ujenzi wa ngome ulianza 1593 na kukamilika 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati.

Kwa mtoto wa miaka 11 ningependekeza kisa cha mazingiwa. Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani waliuawa na maradhi na njaa kuliko silaha. Nilizoea kuwaketisha wanafunzi kivulini, nikawauliza: lango limefungwa, nje kuna adui, mtakunywa nini? Walikuwa wakiinuka wenyewe kwenda kutafuta kisima. Mwenye kijana mkubwa zaidi amweleze pia kwamba Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, kwa maana vijana wa umri huo husisimkwa na habari za jela kuliko za wafalme.

Shangazi mtu
Mimi naongeza machache. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, na cha mtoto ni nafuu zaidi. Maji yawe mengi kuliko unavyodhani. Mkitoka, msiwaburute watoto Mji wa Kale wakiwa na njaa. Wapeni madafu na viazi karai kwanza, ndipo muwaonyeshe milango ya nakshi. Mimi nilianza na milango, na hakuna aliyetazama hata mmoja.

Mleta mada
Nawashukuru nyote. Kigari nimekwisha kukirudisha stoo. Huyu wa miaka 7 alinisikia nikisoma habari za mtu aliyelala chali, na tangu jioni ananiuliza kama ngome hiyo huwa inageuka ubavu usiku.