Tupeane uzoefu: safari ndefu za pikipiki na watu waliotushika mkono njiani

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila tukikutana tunazungumza injini, matairi na lita moja inakwenda kilomita ngapi. Leo naomba tuzungumze watu. Nani alikusimamia njiani, alikufanyia nini, na wewe ulimrudishia nini? Naanza mimi.

Mwaka juzi nilitoka Dar kwenda Tukuyu kumwona baba, karibu kilomita 900, na Boxer 150. Siku ya kwanza nililala Morogoro. Ya pili nikaivuka Mikumi asubuhi. Pale nilikaa nyuma ya basi nikisubiri tembo watatu wavuke, na dereva alitoa mkono dirishani muda wote kunizuia nisipite. Nikashuka bonde la mibuyu. Nikiwa sijafika Ruaha Mbuyuni, injini ikanguruma lakini pikipiki haivuti. Kutazama chini, cheni hakuna.

Nilirudi kwa miguu nikaikuta kwenye lami, ya moto haishikiki. Ilikuwa imeachia kwenye kiungo, na kiungo chenyewe sikukiona. Plagi ya akiba ninayo, tyubu mbili ninazo, waya wa klachi ninao. Kiungo cha cheni, kitu cha bei ya soda, sina.

Nikasukuma. Joto la bonde lile mnalijua. Kwenye mabanda ya vitunguu mama mmoja akaniita hata sijamwamkia: "Baba, weka pikipiki kivulini, unywe maji kwanza." Akamtuma mtoto amwite kijana wa jirani. Kijana akaja na Boxer yake, akaiangalia cheni yangu, hakusema neno. Akachuchumaa kwenye pikipiki yake mwenyewe, akang'oa kibanio kwa koleo, akachomoa kiungo chake na kukifunga kwangu. Cheni yake ikabaki inaning'inia.

Nikamuuliza, "Sasa wewe je, mdogo wangu?" Akasema, "Mimi niko nyumbani, kaka. Wewe una safari."

Hela alikataa kabisa. Alisema tu, "Ukirudi niletee kingine."

Karibuni.

Mchangiaji kutoka Moshi

Ahsante kwa mada. Mimi ni mwanamke, muuguzi, na Desemba narudi nyumbani kwa pikipiki kama Wachaga wengine wanavyorudi kwa basi. Dar, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu ile nyanda ya Same ambako upepo unatoka pembeni na kukusogeza hadi mstari wa katikati. Aliyepita pale saa tisa alasiri anaelewa. Unaendesha umeinama upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka, na kila lori likikupita upepo unakatika ghafla, kisha unakupiga upya.

Mwaka ule mikono ilikufa ganzi nikasimama Hedaru kwa mama ntilie. Hiyo ndiyo kanuni yangu hadi leo, na nawaomba dada zangu muishike: mahali usipopajua, simama kwa mwanamke anayepika. Anajua nani ni nani pale, na hakuna atakayekusogelea bila yeye kuona. Nilipovua kofia ngumu yule mama akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Kumbe ni binti! Mwanangu, hapa huondoki leo." Nililala chumba kimoja na wanawe wawili, na pikipiki ililala ndani ya banda, kati ya magunia ya mkaa.

Asubuhi nikasikia bibi wa nyumba ile akilalamika mguu. Alikuwa na kidonda kwenye kifundo, kimefungwa kitambaa kilichogandia. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikaloanisha kitambaa taratibu mpaka kikaachia chenyewe, kwa sababu ukikivuta unaondoka na nyama mpya inayoota. Nikasafisha, nikafunga bendeji ya kwenye mkoba wangu, nikamwonyesha mjukuu mkubwa namna ya kubadilisha, na nikawasisitiza wampeleke kituo cha afya akapimwe sukari. Walimpeleka. Bibi yuko kwenye dawa, na kila Desemba nasimama pale hata kama sijachoka.

Nikiongezea: wanaoshangaa mwanamke kusafiri hivi wajue si jambo la jana. Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London na pikipiki ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela nyuma, wakavuka Sahara, na Julai 1935 wakaingia Cape Town. Injini iliwafia jangwani. Najiuliza ni watu wangapi wa njiani waliowasaidia ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Dereva wa lori, Tunduma

Mimi natazama kutoka upande wa pili. Wenzangu wa pikipiki, kaeni mahali ambapo nawaona kwenye kioo. Ukijificha nyuma ya tela ukwepe upepo, kwangu haupo, na nikishika breki utanifuata uvunguni. Kwenye mlima wa Kitonga msiteremke kwa kuachia gia. Usiku msisafiri, hata kama taa yako ni kali kiasi gani, maana lori lililoharibika kwa kawaida limewekewa matawi tu barabarani na huyaoni mpaka umeshafika.

Msaada tunatoa. Niliwahi kumkuta kijana kabla ya Makambako, usiku unaingia, baridi ile ya kule, amevaa koti mgongo mbele na boksi kifuani, anatetemeka hawezi kushika klachi. Mimi na utingo tuliinyanyua pikipiki tukaifunga juu ya tela, yeye akakaa kati yetu. Hakusema lolote mpaka alipomaliza chai ya pili. Alinipa nini? Alinisomea meseji za mke wangu, maana miwani yangu ilikuwa imevunjika tangu Mlandizi.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Yangu ni ya barabara ya Moyale. Zamani Isiolo hadi Moyale ilikuwa changarawe na malori yalikwenda kwa msafara; sasa ni lami mpaka mpakani na Ethiopia. Kwa hiyo watu wanadhani ni rahisi. Kutoka Marsabit hadi Moyale ni karibu kilomita 250 na sehemu kubwa ni mawe meusi na upepo.

Jambo la kule ni kwamba wewe ndiwe unayeombwa. Mchunga ngamia anasimama kando ya lami na kuinua chupa tupu juu. Haombi pesa, anaomba maji. Mimi hubeba lita tano za ziada kwa ajili hiyo, na ninamshauri kila anayekwenda afanye hivyo kabla ya kufikiria kubeba kamera.

Siku moja nilisimama kumpa mvulana mmoja maji. Nilipogeuka kufungua mzigo upepo ukaiangusha pikipiki upande wa changarawe, na mzigo juu yake. Kiswahili hakikuwa kikipanda kwake, wala mimi sijui lugha yake. Akashika nyuma, mimi hendeli, tukainua. Nilipotaka kuteremsha stendi akanizuia kwa mkono, akatafuta jiwe bapa, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaliweka chini ya stendi isizame. Kisha akaikagua kutoka pande zote kama anavyomkagua ngamia aliyepakiwa. Tangu siku hiyo natembea na kipande cha bati bapa mfukoni kwa kazi hiyo.

Mchangiaji kutoka Nzega

Kwangu ni kifupi. Nilijaza petroli ya chupa njiani nikitokea Singida, na kwenye mlima Sekenke pikipiki ikaanza kukohoa na kuzima. Fundi mmoja chini ya mwarobaini hakunitoza kwanza wala kunitisha kwamba pistoni imekufa. Alifungua kabureta, akamimina mafuta yake kwenye glasi, akaniambia, "Tulia, tazama." Baada ya muda mfupi maji yalikaa chini, petroli juu, mstari katikati unaonekana wazi. Akamwaga yote, akasafisha, akanipa ile glasi. "Ukilazimika kununua ya chupa, onja kwa macho kwanza." Alichukua elfu tatu. Kila ninayesafiri naye namfundisha.

Mleta mada, hujatuambia. Kiungo cha yule kijana ulikirudisha?

Mleta mada

Nilikirudisha, mkuu. Nilikaa Tukuyu siku tisa. Wakati wa kurudi nikasimama Mbeya nikanunua viungo vinne na cheni mpya nzima. Pale Mbuyuni yule mama alinitambua kwa sauti kabla sijavua kofia. Kijana hakuwepo, alikuwa shambani ng'ambo ya mto. Ndipo mama akanieleza kitu ambacho kijana mwenyewe asingenieleza: baada ya mimi kuondoka siku ile aliisukuma pikipiki mpaka kwao, na kiungo hakikupatikana dukani pale kwa siku tatu. Siku zote tatu alibeba vitunguu kichwani kutoka shambani mpaka barabarani, wakati wa mavuno.

Sikuwa na la kusema. Niliacha mzigo na namba yangu. Mama akanifungia wavu wa vitunguu, akakagua mwenyewe kama kamba imeshika vizuri kwenye kerea.

Nikafika Morogoro jioni. Nikiwa nakula, simu ikaita, namba ngeni.

"Kaka, nimeshaifunga. Wewe umefika wapi?"