Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba msasa ni mti?

Mjukuu wa Seremala: Jana mwanangu aliniuliza kwa nini mti ulio nyuma ya nyumba umepewa jina la karatasi ya kusugulia mbao. Nami niliwahi kukosea hivyohivyo, kumbe karatasi ndiyo iliyorithi jina la mti, kwa sababu mafundi walilainisha mbao kwa majani yake yanayokwaruza kabla karatasi hiyo haijafika madukani. Wenzangu mlijuaje?

Binti Pangani: Mwaka 1983, bidhaa zilipoadimika, babu alikuwa akimalizia kitanda cha harusi ya shangazi, akanituma msasa. Nilizunguka maduka yote hadi jua likazama, nikarudi mikono mitupu, nikamweleza kwamba msasa umeadimika. Alinitazama kwa muda mrefu, akanishika mkono hadi mtoni, akavuta tawi na kunipitishia jani juu ya kiganja, akauliza, “Huu umeadimika lini?” Nililia, si kwa maumivu, bali kwa kuwa nilipita chini ya mti ule kila siku nikienda kuteka maji. Tulisugua kwa mwanga wa chemli mpaka alfajiri.

Mama Wawili: Hata kwetu Kilifi tulisugulia vyungu.

Mkazi wa Dar: Msasani nayo imetokana na mti huu.

Mzee wa Pwani: Sikubali. Wazee wetu walilitoa jina hilo kwa mtu aliyeitwa Musa Hassani. Penye mikoche paliitwa Mikocheni, basi penye misasa pangeitwa Misasani.

Mkazi wa Dar: Mzee wangu, shikamoo, lakini Mbuyuni na Mkwajuni ni umoja. Mti mmoja hutosha kutaja mahali.

Mwalimu wa Baiolojia: Mti huu ni ndugu wa mkuyu. Mtaalamu wa mimea Martin Vahl aliuita Ficus exasperata, jina lililochapishwa mwaka 1805, na neno hilo la pili la Kilatini lina maana ya kitu kilichofanywa kikwaruze, kwa hiyo naye aliongozwa na jani lilelile. Tahadhari: baadhi ya mimea ya jenasi ya Cordia nayo huitwa msasa.

Fundi Vitasa: Tumieni jani kavu tu.

Mama Wawili: Hapana, likikauka sana huvunjika, lichumeni bichi, ila jihadharini na utomvu wake.

Mjukuu wa Seremala: Dada wa Pangani, kitanda kile kipo?

Binti Pangani: Kipo. Shangazi bado anakilalia.