Zanzibar, Ssese au Mombasa na watoto? Nisaidieni kabla sijalipa

MamaWatatu_Ntinda
Habari zenu humu. Likizo hii nataka tupeleke watoto kisiwani, siku tano hivi, kila mwaka ni kijijini tu mpaka wameshajua kila ng'ombe kwa jina lake. Nimebaki na vitatu: Zanzibar, Ssese ya hapa kwetu Uganda kwenye Ziwa Victoria, na Mombasa. Kuna wakala wa Zanzibar anataka nusu ya pesa kabla ya Ijumaa, ati baada ya hapo bei inapanda. Mliokwenda na watoto semeni, wapi panafaa? Bajeti yetu ya kawaida tu.

Kasese_Original
Kawaida ya matajiri wa Kololo au kawaida ya sisi wa Kyebando? Nnyabo taja namba.

Musa_wa_Bombo
Dada umeuliza kama mtu anaenda sokoni anasema "nipe nyama" basi. Likizo ipi, ya Mei, ya Agosti au ya Desemba? Watoto wana miaka mingapi? Wana paspoti? Na huyo wakala umemwona kwa macho au ni sauti za WhatsApp tu? Jibu kwanza ndio tuanze kugombana.

KalangalaDamu
Mimi sihitaji hata hayo majibu. Ssese. Visiwa 84 viko hapo mbele ya nyumba yako, unataka kupanda ndege kwenda wapi? Unafika Nakiwogo pale Entebbe, meli ya MV Kalangala inatoka saa nane mchana, baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi mko bandari ya Lutoboka, watoto wamekula ngege na chipsi, wamelala kwenye kiti. Kama una gari basi pita Masaka uende Bukakata, feri ya kuvuka mpaka Luuku ni BURE, gari bure, watu bure, na si hata saa moja mko ng'ambo. Hapo huulizwi paspoti wala kadi ya chanjo, hakuna dola. Mchanga upo, minazi ipo.

Kasese_Original
Minazi ipi bwana, ile ni michikichi ya mafuta ya kupikia 😂 Buggala, kile kisiwa chenu kikubwa, nusu yake ni shamba.

KalangalaDamu
Kwenye picha nani atajua.

Nesi_Masaka
KalangalaDamu nakupenda ila sema yote. Ziwa lina kichocho. Konokono wake wanakaa kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye magugu na matete, ndipo hapohapo watoto wanapenda kuchezea. Sisemi watu wasiende, mimi mwenyewe naenda, nasema mtoto aoge kwenye bwawa la hoteli, na kama ameingia ziwani basi baada ya wiki sita mpaka nane mpeleke akapewe praziquantel, dawa ya kichocho. Ni vidonge vikubwa, vichungu, wa kwangu alitema cha kwanza ukutani, alama ipo mpaka leo. Jambo la pili ni boti. Panda meli au feri, zile za mbao za kukodi achana nazo, na jaketi la kuelea liwe la saizi ya mtoto, sio la baba yake likafungwa kamba. Mnakumbuka ile boti ya starehe iliyozama Mukono Novemba 2018.

Kabale_Ni_Paradiso
Ndio maana mimi nasema ziwa Bunyonyi, huku Kabale. Visiwa 29, hakuna kiboko, hakuna mamba, kichocho wanasema hakipo, watoto wanaruka kwenye maji wewe unakunywa chai.

Musa_wa_Bombo
Ameuliza kisiwa cha jua wewe unampeleka kwenye friji. Bunyonyi iko karibu mita elfu mbili juu, mimi nililala na soksi mbili.

MamaWatatu_Ntinda
Samahani nilikuwa kazini. Watoto ni watatu, 11, 7 na wa mwisho mwaka na nusu. Ni likizo ya Mei. Paspoti tunazo mimi na mzee, watoto bado. Bajeti sitaki kusema hapa, mashemeji wangu wako humu 😅 Ila ni ya kawaida kweli.

Musa_wa_Bombo
Sasa tumeanza kuona. Paspoti ya kawaida ni 250,000 kila kichwa, na mtoto halipi nusu. Watatu ni 750,000 kabla hujanunua hata soda. Kenya sisi wakubwa tunaingia na kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini Tanzania hawamo kwenye huo mpango, kule ni paspoti. Alafu kadi ya njano ya homa ya manjano kila mtu kuanzia mwaka mmoja, hata huyo mdogo, na sindano ipigwe angalau siku kumi kabla ya safari. Kuna bima pia ya lazima ya wageni Zanzibar, ilianza Oktoba 2024, mtu mzima ilitangazwa dola 44. Wakala alikutajia hayo?

MamaWatatu_Ntinda
Alisema "kila kitu ndani".

Kasese_Original
Ndani ya mfuko wake.

BabaAyub_Najjera
Niacheni niseme ya kwetu maana hii ya wakala imenigusa. Mwaka juzi Agosti tulienda Zanzibar, mimi, mama Ayub na vijana wawili. Wakala nilimpata kwenye grupu, simtaji, alituma picha maji ya bluu yanalamba ngazi za hoteli kabisa, nikalipa. Tukafika usiku, giza, tukalala. Asubuhi Ayub, alikuwa na miaka 9, kaamka kabla ya kila mtu, boya tayari kiunoni, kafungua mlango, kimya. Alafu nasikia "Daddy, maji wameyapeleka wapi?" Natoka nje, bahari hakuna! Mchanga, madimbwi, majani majani, na mbali kuleee mstari mweupe mawimbi yanapovunjikia. Pesa yote ile nimelipa kuona matope.

Nikasema basi tuyafuate. Tukatembea kama nusu saa, Ayub na boya lake, tukapita wamama wanafunga mwani kwenye kamba zilizochomekwa vijiti, wakatuangalia, mmoja akasema kitu wote wakacheka, nilijua tu ni sisi. Mbele kidogo mama Ayub akapiga kelele, amekanyaga kile kidude cheusi cha miiba kama nungunungu mdogo, miiba imekatikia ndani ya kisigino, nilihesabu kumi na moja. Mama mmoja akaacha mwani wake, akamtuma kijana mbio kijijini, akarudi na papai bichi, wakalichanja, ule utomvu mweupe wakapaka kwenye kila tundu, na hata shilingi hakuomba. Alafu akanigusa bega akasema, baba rudini, maji yanakuja. Mimi nikamjibu asante tutapumzika kwanza. Banange! Tulipogeuka yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, katikati ya njia kwenye magoti, mama Ayub anachechemea, mdogo nimembeba begani, simu mdomoni. Angalau boya lilipata kazi.

Saa nane mchana maji yalikuwa kwenye ngazi, kama kwenye picha. Tatizo sisi tulikuwa tumelala na vidonge vya maumivu.

Nesi_Masaka
Simu mdomoni 😂😂 pole ssebo

BiKibokoni_Jinja
Mie ni mtoto wa Mombasa nimeolewa huku Jinja mwaka wa kumi na nne sasa, nawasoma nacheka peke yangu. BabaAyub, wakala hakukudanganya picha, alikudanganya saa. Bahari ya kwetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika hamsini, kwa hiyo ikijaa leo asubuhi, wiki ijayo saa hiyohiyo ni kavu. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu huwa ni bamvua, hapo hupwa mbali sana na hujaa juu sana. Katikati ni maji mafu, hayaendi mbali. Mwangalie mwezi kabla ya kulipa hoteli, wala hamhitaji programu ya simu. Na upande nao una maneno yake. Paje, Jambiani, Bwejuu, huko mashariki ufuo ni bapa, maji yakitoka yanatoka kweli. Nungwi na Kendwa kaskazini mtoto huoga karibu saa zote.

Lakini mwanangu MamaWatatu, Mei ni masika. Si mvua ya Kampala ya kunyesha saa moja ikaisha, hii yaweza kulala nawe siku tatu. Baadhi ya hoteli Zanzibar hufunga Aprili na Mei, zilizobaki huteremsha bei. Sasa huyo asemaye bei yapanda Mei, aipandishe nani?

Musa_wa_Bombo
Hapo hapo Bi! Mei ndio bei inaanguka. Dada usilipe.

MamaWatatu_Ntinda
Eeh. Nilikuwa karibu kutuma leo asubuhi, ni mtandao tu ulikataa.

KalangalaDamu
Kwa hiyo tumerudi Ssese. Karibuni.

Kabale_Ni_Paradiso
Mei hata Ssese mvua ipo na ziwa linachafuka. Bunyonyi mvua ikinyesha mnaota moto.

SGR_Fan
Jamani Mombasa mmeisahau. Basi la usiku Kampala Nairobi, unapita Busia au Malaba, mnapumzika siku moja, alafu treni ya Nairobi Mombasa. Treni ilianza 2017, inaondoka asubuhi, mchana na usiku, mwendo wa saa tano sita hivi mko baharini. Wangu waliona tembo Tsavo kupitia dirishani, wakasahau kuuliza "tumefika?" kwa dakika ishirini nzima. Hoteli za Diani zina mabwawa ya watoto, mvua ikinyesha mnaogelea hivyohivyo. Fort Jesus mnaipitia, ya 1593 ile.

Kasese_Original
Ila mwenye mada amesema kisiwa. Mombasa sio kisiwa.

BiKibokoni_Jinja
Kasese! Mombasa ni kisiwa. Mji wenyewe umezungukwa na maji, kuna Nyali Bridge, kuna Makupa, na Likoni wavuka kwa feri. Mwalimu wako wa jiografia yuko hai?

Kasese_Original
Mimi nimepita kwa basi sikuona maji.

BiKibokoni_Jinja
Ulilala.

SGR_Fan
Ila ni kweli Diani yenyewe sio kisiwa, iko bara, kusini ya Likoni. Mnalala bara mnatembelea kisiwani.

Kasese_Original
Kwa hiyo nimeshinda nusu.

Mwl_Arua
Nauliza kitu nje ya mada kidogo. Sisi wa huku na Kiswahili chetu, Zanzibar wanatuelewa? Mimi najifunzia kwa wanajeshi na sokoni, nikiongea watu wa pwani wanakunja uso.

BabaAyub_Najjera
Wanaelewa ila wanacheka. Nilimwambia mhudumu "leta chakula haraka" akaniuliza kwa upole sana kama mimi ni askari. Kule ni "naomba", "tafadhali", "ahsante", na kabla ya yote habari za asubuhi, habari za nyumbani, ndio chai inakuja.

Musa_wa_Bombo
Wewe ulitaka chai kwa amri 😂 Sisi Wanubi tungepita tu, tunavaa kanzu tayari.

BiKibokoni_Jinja
Mume wangu siku ya kwanza kwetu alimwita mamangu "wewe mzee kuja hapa". Mamangu alikaa chini.

Mwl_Arua
Na mlioana hivyohivyo?

BiKibokoni_Jinja
Alileta samaki wa Jinja, sangara mkubwa kama mtoto. Mamangu akasamehe.

Nesi_Masaka
Turudi kwa mama wa watu. Mtoto wa mwaka na nusu, basi la usiku, mpaka wa Busia saa ya usiku kila mtu anashuka, alafu treni. Mimi singeweza. Ukiwa na uwezo wa ndege Entebbe Zanzibar ni kama saa mbili tu, lakini ngoja Agosti, kavu, na paspoti zitakuwa tayari, na kadi za njano. Mei hii wapeleke sehemu moja ndogo. Mmemtajia Ngamba? Kisiwa cha sokwe yatima, kipo tangu 1998, boti ya kasi kutoka Entebbe haifiki saa moja. Wa miaka 11 na 7 watafurahi.

KalangalaDamu
Ngamba ni siku moja, sokwe wanakula, umemaliza. Ssese siku tano.

Kasese_Original
Siku tano kuangalia michikichi.

MamaWatatu_Ntinda
Asanteni wote, kwa kweli nimejifunza, sijalipa na wakala ameanza kunipigia kila saa ati sasa kuna punguzo 😂 Nimemsomea mzee yote haya, hata bamvua nimemweleza kama mtaalamu. Yeye sasa anasema Agosti Zanzibar, Nungwi, na Mei hii Kalangala kwa kupitia Bukakata tujaribu gari. Alafu wakati nadhani tumemaliza akaongeza kwamba mama yake pia hajawahi kuona bahari, twende naye.

Musa_wa_Bombo
Mama mkwe ana paspoti?

BiKibokoni_Jinja
Na maji hayaogopi?

KalangalaDamu
Bukakata ni bure hata kwa mama mkwe.

MamaWatatu_Ntinda
Ngoja nimuulize mzee.