Arduino Uno inatuma "?" badala ya joto la mashine ya mayai

totoa_kihonda

Habari wakuu. Nina mashine ya kutotolesha vifaranga niliyoiunda kwa kasha la friji bovu, inabeba mayai 120. Ndani kuna kihisi joto DS18B20 kwenye Arduino Uno (kibao kidogo cha kielektroniki kinachoendesha programu), juu yake kadi ya Ethernet ya mtandao wa waya, waya unakwenda hadi kwenye ruta sebuleni. Awamu iliyopita umeme ulikatika saa nane usiku nikiwa nimelala, asubuhi nikakuta mayai ya baridi. Yalikuwa yamebakiza siku nne. Iliniuma sana, ndiyo maana nataka joto lifike kwenye kompyuta kila sekunde mbili.

Soketi (muunganisho wa mtandao) inaunganika vizuri na seva yangu ya Python, poti 5000. Tatizo ni ninachopokea:

```
joto=? muda=-31536joto=? mu
da=-29536
```

Mstari wa kutuma ni huu:

```
snprintf(ujumbe, 40, "joto=%.1f muda=%d", joto, millis());
```

Nikitumia Serial.println (kutuma kwa kebo ya USB) naona 37.50 safi kabisa. Nimekosea wapi?

waya_mwekundu

Pole kwa mayai, mkuu. Kihisi usikiguse, ni kizima. Hiyo alama ya kuuliza inaandikwa na snprintf yenyewe, amri inayopanga maandishi. Uno ina KB 32 tu za kuhifadhi programu, kwa hiyo sehemu ya kuandika namba zenye desimali huachwa nje ili kuokoa nafasi. Igeuze namba kwanza:

```
char namba[8];
dtostrf(joto, 4, 1, namba);
snprintf(ujumbe, sizeof(ujumbe), "joto=%s muda=%lu\n", namba, millis());
```

Nafasi 8 nimeziweka kwa makusudi. Waya wa kihisi ukichomoka utasomewa -127.0: hizo ni herufi sita, na baiti moja ya sifuri ya kufungia.

Muda nao (millis, yaani milisekunde tangu Uno iwake) ulikuwa hasi kwa sababu int, namba nzima ya kawaida, ya Uno ni baiti mbili, inaishia 32767. Ukipita sekunde 32 hivi inapinduka. Ndiyo maana nimeandika %lu, ya namba ya baiti nne.

bomba_la_data

Naongezea kuhusu ujumbe kugandana. TCP, njia ambayo soketi yako inasafirishia data, ni kama bomba la maji: ndoo mbili ulizomimina huku haziji kule kama ndoo mbili. Baiti zinafika kwa mpangilio, lakini recv (amri ya Python ya kupokea) inaweza kukupa ujumbe mmoja na nusu. Hiyo \n aliyoweka mwenzangu ndiyo mpaka wako, kata hapo:

```
c.settimeout(10)
salio = b""
while True:
    kipande = c.recv(1024)
    if not kipande:
        break
    salio += kipande
    while b"\n" in salio:
        mstari, salio = salio.split(b"\n", 1)
        print(mstari.decode())
```

Mstari wa kwanza tafadhali usiuache. Umeme ukikatika, Uno haiagi. Inanyamaza tu, na recv bila kikomo itasubiri mpaka asubuhi huku wewe ukidhani mambo ni shwari. Ukiweka settimeout, sekunde kumi za kimya zinaleta socket.timeout. Idake hiyo, piga king'ora hapo hapo. Kompyuta iwe na betri nzuri.

totoa_kihonda

Wakuu, Mungu awabariki. Sasa inasoma `joto=37.4 muda=41002`, mstari mmoja mmoja. Jana usiku nilichomoa plagi ya mashine kwa kusudi nikahesabu: kwenye kumi kompyuta ikalia, mke wangu akaamka chumba cha pili.

Limebaki moja. Nikifungua mlango kugeuza mayai, joto linashuka hadi 35 na king'ora kinalia bure. Nafikiria kilie joto likikaa chini ya 36.5 kwa dakika tano mfululizo, ila kwa kimya na -127 kilie papo hapo. Mayai mapya yako siku ya tisa leo.

waya_mwekundu

Dakika tano sawa. Hesabu hiyo ifanyie kwenye Python, Uno iachie kupima na kutuma tu.