Ramani ya vita ya Tanga 1914: nijenge kwa Arma 3, Unreal au Godot?

mchonga_ardhi
Wakuu, naomba muongozo. Nataka kutengeneza ramani ya gemu ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza dhidi ya Wajerumani: ghuba, ufuko wa Ras Kasone, mashamba, reli, mpaka mjini. Nimechuja nikabaki na tatu: kununua Arma 3 (gemu ya vita) nitumie zana zake, au injini za kutengenezea gemu, Unreal Engine 5 au Godot. Hela iliyopo inatosha kitu kimoja, ama Arma 3 na diski ya kuiweka, ama kuongeza RAM. Nishike ipi?

Kiguzo
Mashine ina RAM ngapi? Kadi ya picha gani? Wachezaji wangapi kwa mpigo, na wanapigana wenyewe kwa wenyewe au na roboti (askari wa kompyuta)? Usiposema hayo, kila mtu hapa atakutajia kipenzi chake.

bintipangani
Godot. Unaipakua na bado haijafika GB 1, na hakuna mrabaha wa mtu yeyote. Zana ya ardhi haimo ndani, unaongeza programu-jalizi ya Terrain3D, inakubali tabaka 32 za udongo. Mchanga wa pwani, udongo mwekundu, matumbawe, nyasi, zote zinaingia na nafasi inabaki.

Kiguzo
Tabaka za udongo hazimsaidii mtu mwenye intaneti ya kusuasua. Godot haikupi utabiri wa mwendo upande wa mchezaji, unauandika mwenyewe. Unreal inakuja nao ndani ya mhusika wake wa kawaida, mtandao ukichelewa mtu bado anatembea bila kurukaruka.

afande_ramani
Arma 3. Seva, risasi zinazoshuka kwa umbali, roboti, vyote vipo tayari. Ila ujue hakuna cha 1914 humo. Nyongeza yake ya Spearhead 1944 ni Normandy. Bunduki ya Mauser 71 utaichonga mwenyewe au utafute modi. Kasoro nyingine ni gati: roboti wa Arma hawaelewani na kitu kilichojengwa juu ya maji. Usipoweka tabaka la kukanyagia kwenye modeli, mtu anapita katikati ya mbao na kutumbukia.

FundiMkwaju
Injini ni jambo la pili. Ramani za bandari huharibika kwenye data ya miinuko, nazo huharibika kwa namna moja kila mara, kwa hiyo nieleze kwa kirefu.

Mtu anapakua SRTM, data ya miinuko iliyopimwa kwa rada kutoka angani, kwa sababu ni ya bure. Kipimo chake ni nukta moja kila mita 30, na kimo kimeandikwa kwa mita kamili bila desimali. Penye milima huoni tatizo. Tanga ni tambarare, kwa hiyo mteremko mpole wa kutoka ufukoni unageuka ngazi za mita moja moja. Mchezaji akilala chini anajikuta nyuma ya ukuta ambao hakuna aliyeujenga. Pili, rada ile inasoma vilele vya miti. Mikoko inaingia kwenye data kama kilima, na mashua zinazokuja kushusha askari zinagonga ukingo wa udongo pale palipotakiwa kuwa tope. Tatu, bahari yote ni sifuri, sakafu ya ghuba haipo. Halafu anahifadhi picha ya biti 8 badala ya 16, na ngazi zinazidi. Hapo ndipo watu hulaumu injini.

Tumia Copernicus GLO-30, data nyingine ya miinuko, ina desimali. Bado inasoma miti, hivyo mikoko utaishusha kwa mkono. Igeuze kwenda EPSG:32737 (mfumo wa ramani wa eneo hilo, kwa mita), ipanue kwa cubicspline (njia ya kulainisha kati ya nukta) hadi mita 1, kata kipande cha 4033 kwa 4033, hifadhi PNG ya biti 16 yenye kimo cha -10 hadi 40. Kwenye Unreal, mita 50 hizo ni kipimo cha Z (cha kimo) 9.766, kisha inua ardhi yote kwa sentimita 1500, la sivyo ufuko wako utazama. Na kumbuka upande wa kilomita 4 una nukta 134 tu za data halisi. Zilizobaki ni makadirio ya kompyuta.

mchonga_ardhi
Samahani kwa kuchelewa. RAM 16, kadi ya GB 6, wachezaji 32, bila roboti. Kumbe GLO-30 nayo ni ya bure?

FundiMkwaju
Bure. Lakini haitakupa mkato wa reli upande wa mashariki wa mji, ni mwembamba mno kwa nukta za mita 30. Na mkato huo ndio moyo wa ramani: anayetoka Ras Kasone lazima auvuke huku anapigwa risasi. Uchonge kwa mkono, wima pande zote mbili, acha madaraja machache tu.

afande_ramani
Idadi umeifikiria? Waingereza walileta wanajeshi kama 8,000, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000. Nane kwa mmoja haichezeki.

bintipangani
Inachezeka ukitumia treni. Meli zilipofika tarehe 2, mji ulikuwa karibu mtupu, askari wakaletwa kwa reli kutoka Moshi. Weka 16 kwa 16, ila watetezi waanze sita, kumi waingie kupitia stesheni baada ya dakika sita. Anayeshambulia akizembea ufukoni, imekula kwake.

Kiguzo
Kutoka Ras Kasone hadi mjini ni karibu kilomita 3. Mchezaji akikimbia mita 5 kwa sekunde, dakika kumi nzima anatazama minazi. Bana ramani. Ramani ya Narvik kwenye gemu ya Battlefield V haikufuata kipimo, na bado watu walijaa.

afande_ramani
Usimpe mfano wa Battlefield V. Rotterdam yao ina Waingereza, wakati waliopigana pale Mei 1940 ni Waholanzi.

Kiguzo
Nimezungumzia umbali, sijazungumzia sare.

nyuki_wa_Mabokweni
Mbona hakuna aliyetaja nyuki? Mizinga ilikuwa juu ya miti, risasi zikaiamsha, kikosi cha 98 cha Wahindi, upande wa Waingereza, kikatawanyika.

afande_ramani
Kwa Arma ni rahisi. Amri yake ya FiredNear inasikia mlio ndani ya mita 69. Hesabu milio, ikifika 40 karibu na mzinga, kundi linatoka. Tikisa mkono wa mlengaji, usimuue. Na wawaume wote, nyuki hawakuchagua upande.

nyuki_wa_Mabokweni
Arobaini ni nyingi, weka 15. Kitu kingine, bunduki nyingi za askari wa Mjerumani zilikuwa za baruti ya zamani, zinatoa wingu jeupe. Kila mlio uache moshi wa sekunde nane hivi, anayefyatua ajue ameonekana. Hapo ndipo pande zinalingana, kuliko kuchezea idadi.

bintipangani
Moshi wa watu 16 kwenye kadi ya GB 6? Punguza chembe, tumia picha bapa nne kwa mlio.

FundiMkwaju
Mwezi pia. Tarehe 2 Novemba 1914 ulikuwa mpevu, kwa hiyo usiku wa kushuka ufukoni una mwanga na maji ni ya bamvua. Kati ya kupwa na kujaa pale ni zaidi ya mita 3. Ukiweka maji yasiyosogea, nusu ya ufuko wako ni uongo.

mchonga_ardhi
Basi maji yatasogea. Nimeanza na mkato wa reli kwenye QGIS (programu ya ramani), injini nitaamua mbele ya safari. Kuhusu hela, RAM?

Kiguzo
Ukienda Unreal, 32 ndiyo ya kuanzia. Ukienda Godot, kaa nayo hiyo 16.

afande_ramani
Au nunua Arma, RAM iache.

mgeni_jana
Nimesoma uzi wote. Kwa nini hakuna aliyemtajia Arma Reforger, gemu mpya zaidi ya Arma 3?