Hurley Haywood alibebwa na wenzake au alikuwa moto kweli?

MtuWaGia: Wakuu habari zenu. Nina jamaa yangu tunabishana kila siku kuhusu huyu dereva wa Kimarekani Hurley Haywood, yeye anasema mzee alibebwa tu, eti Le Mans ya 1977 (zile mbio za magari za masaa 24 kule Ufaransa, madereva wa gari moja wanapokezana usukani) ilikuwa kazi ya dereva mwenzake Jacky Ickx na mwenzetu alipanda jukwaani kupokea kombe. Mi nakataa kabisa, mtu ana Le Mans tatu (1977, 1983, 1994) na masaa 24 ya Daytona kule Marekani mara tano, unabebwaje mara zote hizo? Sasa hoja za kumbana ndo sina. Wanaojua nisaidieni.

Kipara_Turbo: Jamaa yako kuhusu usiku wa 77 ana haki yake, tusimnyime. Ickx gari lake la kwanza lilikufa mapema, akahamishiwa kwenye Porsche 936 ya Haywood na Jürgen Barth ambayo ilishapata matatizo na kushuka huko nyuma kabisa, zaidi ya nafasi ya 40. Akaikimbiza usiku kucha kwenye mvua, na kina Renault waliokuwa mbele wakaanza kuharibikiwa mmoja mmoja. Lakini aulizwe hivi, mwishoni nani alikuwa kwenye usukani pistoni ilipokufa? Ni Haywood. Akairudisha piti ikiwa inatoa moshi, mafundi wakaizima ile silinda mbovu, gari likakaa pale linasubiri muda maana sheria inataka uvuke mstari saa ikitimia, halafu Barth akalitoa taratibu na silinda tano kumalizia. Kuirudisha bila kuua injini nzima nayo ni kazi, dereva mwenye papara angeiua hapohapo.

binti_wa_gereji: Mimi ningeanzia Daytona. 1973 yeye na Peter Gregg wa timu ya Brumos kule Jacksonville walichukua na Porsche 911 Carrera RSR, gari linalofanana na la barabarani, wakati kina Matra na Mirage walikuja na mashine za mbio tupu, zikaharibika zote, wao wakamaliza raundi 22 mbele ya aliyewafuata. Wakarudia 1975. Sasa angalia hapa, 1977, 1979 na 1991 Gregg hayupo, kila mara wenzake wengine na timu nyingine, anayejirudia ni Haywood tu!! Huyo anayembeba ni nani basi? Na ujana wake ulikatizwa na jeshi, alipelekwa Vietnam akarudi akaendelea na mbio.

MtuWaGia: Dada umemaliza kabisa. Na hiyo Le Mans ya 1983 ikoje?

Kipara_Turbo: Ile Porsche 956 namba 3, yeye na Vern Schuppan na Al Holbert. Mlango wa kushoto uling'oka, hewa ikawa haiingii vizuri kwenye rediata, injini ikachemka. Raundi ya mwisho Holbert anavuka mstari moshi mweupe umetanda na Derek Bell wa Porsche nyingine yuko nyuma kama dakika moja tu, ingebaki raundi moja zaidi walikuwa wamekwisha. Kwa hiyo ile dakika moja waliitengeneza wote watatu, kila sekunde ambayo Haywood alipata kwenye zamu yake ilihitajika. 1994 alikuwa na miaka 46 tayari, na Dauer 962 pamoja na Yannick Dalmas na Mauro Baldi, Toyota ndo ilikuwa inaongoza ikaja kupata shida ya gia karibu na mwisho.

mzee_wa_spana: Mnazunguka sana vijana. Mwambieni huyo jamaa aangalie Trans-Am ya 1988, ligi ya mbio za magari kule Marekani. Haywood alichukua ubingwa wa msimu na Audi 200 Quattro, na zile ni mbio fupi, dereva mmoja gari moja, hakuna wa kumpokea usukani mwanzo mpaka mwisho. Wamarekani wenyewe walikuwa na magari yao ya V8 yananguruma pale na Audi ikawapiga. Mpelekee hiyo, akiwa na jibu aje hapa mwenyewe.